Kibawa cha Nyuma: cha Kiwandani au cha Kubandika?



Mwaka 2021 mashindano ya magari ya Safari yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Mara ya mwisho yalikuwa yamefanyika katika ratiba hiyo mwaka 2002. Safari hii kitovu chake kilikuwa Naivasha, katika nchi jirani ya Kenya, na tangu hapo, siku za mashindano zinapofika, barabara inayotoka Nairobi na kuteremka Bonde la Ufa hufurika magari ya watazamaji. Wengi wao ni vijana, na wengi huendesha Subaru na Mitsubishi zilizoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko.

Anayesimama kando ya barabara hiyo na kuyatazama magari yale yakipita hawezi kukosa kuona jambo moja. Karibu kila gari lina mkia. Juu ya mlango wa buti kimefungwa kibawa, kingine kifupi kama ukingo wa sinia, kingine kirefu kimesimama juu ya miguu miwili kama benchi. Mafundi na wauza spea hukiita spoila. Baadhi ya vibawa hivyo vilitoka kiwandani pamoja na gari. Vingine vimenunuliwa madukani, katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au Soko la Kisekka mjini Kampala, vikafungwa gereji kwa muda wa nusu saa.

Desturi hii haiishii mpakani. Magari ya namna hiyo yamo pia katika miji yetu, na baadhi ya wenye magari hayo ni askari waliodunduiza mishahara yao. Tena wako askari wengine, wale wa usalama barabarani, ambao kazi yao ni kuyasimamisha na kuyakagua. Kwa hiyo swali tunaloulizwa mara kwa mara lina haki ya kujibiwa kwa makini: mtu mwenye gari la kasi anunue kibawa halisi cha kiwanda kilichounda gari lake, au kile cha watengenezaji wengine ambacho huuzwa kwa bei nafuu? Je, tofauti iliyopo ni ya jina na bei tu, au ni ya usalama wa watu?

Ili tujibu swali hilo, hapana budi tuanze na kazi ya kibawa chenyewe, kwani wengi wanakichukua kuwa pambo.

Wale walio katika kikosi cha anga wanajua jinsi bawa la ndege linavyofanya kazi. Ndege inapokimbia, upepo unaopita juu na chini ya bawa huinyanyua kutoka ardhini. Sasa gari dogo, kwa umbo lake, linafanana kidogo na bawa hilo: chini ni bapa, juu limeinuka na kuteremka kwa nyuma. Likienda kwa kasi kubwa upepo hulinyanyua, hasa upande wa nyuma. Gari halipai, lakini matairi ya nyuma huanza kuigusa barabara kwa wepesi, na dereva akikata kona au akikanyaga breki ghafula, mkia wa gari hutaka kutangulia mbele. Kibawa cha nyuma kiliwekwa ili kuuvuruga upepo huo usinyanyue gari. Kile kifupi kilichoshikana na bodi hukata mtiririko wa upepo. Kile kirefu, ambacho upepo hupita juu na chini yake, ni kama bawa la ndege lililogeuzwa: badala ya kunyanyua, hukandamiza.

Lakini nguvu hiyo ya upepo ina kanuni yake. Haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tuchukue mfano. Tuseme kibawa fulani kinakandamiza gari kwa uzito wa kilo 80 likiwa katika mwendo wa kilometa 200 kwa saa. Mwendo ukishuka hadi 100, mkandamizo haubaki kilo 40, bali kilo 20. Mwendo ukishuka hadi 50, ambao ndio mwendo wa mjini, zinabaki kilo 5 tu, uzito wa mfuko mdogo wa unga. Ni dhahiri basi kwamba kijana anayezunguka katikati ya mji na kibawa kirefu kama benchi hapati msaada wowote wa maana kutoka kwa kibawa hicho. Anachobeba ni mzigo.

Sasa tutazame jinsi kibawa kilivyoingia katika magari ya kawaida ya barabarani, maana historia hiyo ndiyo inayoonyesha thamani ya kitu halisi.

Mwaka 1972, katika maonyesho ya magari mjini Paris, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilionyesha gari lake la 911 Carrera RS. Gari la 911 lilikuwa na injini nyuma na paa lililoteremka kwa mviringo, na kwa kasi kubwa sehemu yake ya nyuma ilikuwa na tabia ya kuwa nyepesi. Wahandisi hawakwenda dukani kutafuta dawa. Walilipeleka gari katika handaki la upepo, yaani chumba ambamo gari limesimama na upepo ndio unaokimbizwa juu yake, wakajaribu umbo hili na lile, wakipima kila badiliko. Mwisho walipata umbo dogo lililoinuka juu ya mfuniko wa injini, nalo likapewa jina la mkia wa bata. Kwa macho halikuwa kitu kikubwa, lakini lilipunguza sana mnyanyuo wa nyuma, bila kulipunguzia gari kasi yake.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mkia ule haukufungwa peke yake. Sehemu ya mbele ya gari nayo ilipewa ukingo wa kuzuia upepo usiingie chini, na matairi ya nyuma yakafanywa mapana kuliko ya mbele. Mbele na nyuma vilipimwa pamoja. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ukiukandamiza upande mmoja wa mizani, upande wa pili huinuka. Mtu akifunga kibawa kikubwa nyuma na kuiacha mbele kama ilivyokuwa, kwa kasi kubwa matairi ya mbele huwa mepesi, na hayo ndiyo yanayokata kona. Katika gari linalovutwa na matairi ya mbele hasara huwa mara mbili, maana matairi hayo hayo ndiyo yanayolisukuma gari na ndiyo yanayoliongoza.

Kanuni za mashindano zilitaka magari 500 ya namna hiyo yaundwe. Wanunuzi walikuwa wengi hata yakaundwa zaidi ya 1,500. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuuiga mkia wa bata, na wengi waliiga umbo bila kuiga vipimo.

Na sisi wa Afrika Mashariki tunalo funzo letu kuhusu gari hilo hilo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alikuja kushindana akiwa na Porsche 911 Carrera RS, gari lenye nguvu na kasi ya kuogopwa. Alimaliza wa pili. Aliyeshinda alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiendesha Mitsubishi Lancer ndogo yenye injini ya lita 1.6. Katika barabara za udongo, mawe na matope, dereva anayeijua njia na gari lisilovunjika viliishinda kasi. Hatusemi kwamba Porsche lilikuwa gari baya. Tunasema kwamba kila chombo kina mahali pake, na kibawa hakimsaidii mtu ambaye barabara yake haimruhusu kufikia mwendo wa kukitumia.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba jawabu ni jepesi: kila cha kiwandani ni chema na kila cha kununua pembeni ni kibaya. Ukweli hauko hivyo.

Mwaka 1969, katika mashindano ya Hispania kwenye barabara za Montjuïc mjini Barcelona, timu ya Lotus ilileta magari mawili yenye vibawa vilivyosimama juu sana kwa miguu myembamba. Vibawa hivyo viliundwa na timu yenyewe. Kwa maneno mengine, vilikuwa halisi kwa maana zote za neno hilo. Kibawa cha gari la Graham Hill kilivunjika, gari likagonga ukuta wa chuma. Muda si mrefu, mahali pale pale, kibawa cha gari la mwenzake Jochen Rindt nacho kikavunjika, naye akagonga na kuumia. Katika mashindano yaliyofuata, kule Monaco, vibawa vya juu namna ile vilipigwa marufuku kabla mashindano hayajaanza.

Miaka sita baadaye, mwaka 1975, mashindano yalirudi Montjuïc. Graham Hill sasa alikuwa na timu yake mwenyewe, na dereva wake, Rolf Stommelen, ndiye aliyekuwa akiongoza. Kibawa cha nyuma cha gari lake kikang'oka. Gari likaruka na kuvuka kizuizi, na watu kadhaa waliokuwa kando ya barabara wakauawa. Magari ya mashindano hayo hayakurudi tena kushindana katika barabara zile. Watu wale hawakuwa wamepanda gari lolote. Walikuwa wamesimama tu pembeni.

Hapo liko jambo ambalo kila mwenye gari na kila mkaguzi analipaswa kulishika. Kibawa kinapokuwa kimeshika vizuri, dereva hulizoea gari lake na kukata kona kwa mwendo ambao asingethubutu bila kibawa. Kikivunjika katikati ya kona, msaada ule hutoweka ghafula, na gari halina tena uwezo wa kuutii ule mwendo. Kwa hiyo kibawa kinachovunjika ni hatari kuliko kutokuwa na kibawa kabisa.

Mfano wa tatu unahusu gari la barabarani. Mwaka 1998 kampuni ya Audi ilitoa gari dogo la kasi liitwalo TT, lenye umbo la mviringo lililosifiwa sana kwa uzuri. Nyuma halikuwa na kibawa. Baada ya muda zikaanza kupatikana habari za ajali katika barabara kuu za Ujerumani, ambako sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo. Gari lilipokuwa katika kasi kubwa, na dereva akageuza usukani au akaachia mafuta ghafula, sehemu ya nyuma iliteleza. Watu walikufa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, kiwanda kilifanya nini? Mwishoni mwa mwaka 1999 na mwanzoni mwa mwaka 2000 kiliwaita wenye magari yale wayarudishe. Magari yakafungwa kibawa kifupi nyuma. Lakini hakikuwa kibawa peke yake. Vyuma vya chini vinavyoyaongoza matairi vilibadilishwa, na ukawekwa mtambo wa umeme unaolizuia gari lisiteleze. Kampuni ilijua kwamba kibawa ni kiungo kimoja cha mwili mzima.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, tunaona wazi kwamba jina la kiwanda si hirizi. Viwanda navyo hukosea. Basi mnunuzi anapolipa fedha nyingi kwa kibawa halisi, hasa ananunua nini? Ananunua mambo mawili. La kwanza ni vipimo: kwamba kitu hicho kilijaribiwa kikiwa juu ya gari lile lile, pamoja na springi zake, matairi yake na uzito wake. La pili, na ndilo kubwa zaidi, ni uwajibikaji. Kiwanda kikikosea, kipo, kina anuani, na kinaweza kulazimika kuwaita wateja wake na kurekebisha kosa. Je, yule aliyefinyanga kibawa cha faibagilasi uani, kisha akabandika juu yake nembo ya mtu mwingine, atamwita nani? Na ninyi mtamtafuta wapi?

Askari hahitaji kufundishwa somo hili kwa maneno mengi. Bunduki hutolewa ghalani kwa namba, kwa saini, na kwa jina la aliyeipokea. Boliti ya bunduki moja yaweza kuingia katika bunduki nyingine, ikafunga na kufunguka vizuri, na bado isiwe salama kupigia risasi, kwa sababu hazikupimwa pamoja. Kuingia si kufaa. Kibawa chaweza kukaa vizuri juu ya buti na bado kikawa si cha gari hilo.

Sasa tuvitenganishe vibawa vilivyomo sokoni, maana watu huvichanganya na kuviita vyote kwa majina mawili tu, orijino na feki. Kwa kweli viko vya namna nne.

Namna ya kwanza ni kibawa kipya cha kiwanda kilichounda gari. Aghalabu ni cha plastiki ngumu iliyomiminwa katika kalibu, ukubwa wake haupishani kati ya kimoja na kingine, na kwa ndani huwa na namba ya spea. Bei yake ni kubwa, na kwa magari ya zamani kupatikana kwake ni kwa shida.

Namna ya pili ni kibawa halisi kilichokwisha kutumika, kilichotolewa katika gari lililobomolewa. Hiki ni halisi kama cha kwanza, lakini mnunuzi hajui historia yake. Huenda gari lile liligongwa nyuma. Ufa mdogo uliofunikwa kwa puti na rangi hauonekani dukani, huonekana barabarani.

Namna ya tatu ni kibawa cha mtengenezaji mwingine ambaye anakiuza kwa jina lake mwenyewe. Huyu si mwizi wala mdanganyifu. Wako watengenezaji wa Japani na Ulaya ambao hupima kazi zao kwa uangalifu mkubwa, na vibawa vyao hutumika katika mashindano. Kule Ujerumani sheria inataka sehemu ya namna hii iwe na cheti kinachotaja gari inalofaa kufungwa. Ikifungwa bila kibali, gari laweza kupoteza idhini yake ya kutembea barabarani. Kwa hiyo kibawa cha namna ya tatu kikija na cheti cha namna hiyo, kilichotaja modeli ya gari lako, mnunuzi hana sababu ya kukidharau.

Namna ya nne ni ya bandia: kitu kilichotengenezwa na asiyejulikana na kupewa nembo ya kampuni inayojulikana. Hapa ndipo jambo linapotoka katika hiari ya mnunuzi na kuingia katika sheria. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mwenye duka anayeuza kibawa cha namna ya tatu anafanya biashara. Anayeuza cha namna ya nne anatenda kosa. Askari apaswa kuijua tofauti hiyo, asije akamnyang'anya mfanyabiashara halali mali yake, wala asije akamwachia mdanganyifu kwa kuwa maelezo yake ni matamu.

Labda mtu atauliza, kwa nini basi wenzetu wa Nairobi na Kampala wasinunue tu cha namna ya kwanza? Sababu si ubahili peke yake. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo wenye magari ya kasi ya miaka ya 1990 huyatunza yale yale waliyonayo, na spea mpya za kiwandani za magari hayo nyingine hazitengenezwi tena. Mtu mwenye shida hiyo haambiwi kwa kejeli, nenda kanunue halisi. Anahitaji kufundishwa jinsi ya kukagua alichokipata.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Unahitaji macho, mikono na subira.

Kwanza, kikamate kibawa kwa ncha zake mbili na kukitikisa kwa nguvu. Kibawa na mlango wa buti vinapaswa kutikisika kama kitu kimoja. Kibawa kikicheza peke yake, hakikushika.

Pili, fungua buti na utazame chini yake. Kibawa kirefu kinachosimama kwa miguu kinapaswa kushikwa kwa bolti, na chini ya kila nati pawe na bamba au washa pana ya kugawanya nguvu. Bati la buti ni jembamba. Bolti iliyofungwa juu ya bati tupu hulichana siku moja. Matundu yaliyotobolewa yazibwe vizuri, ama sivyo maji huingia na kutu hula kutoka ndani. Kibawa kirefu kilichoshikwa kwa utepe wa gundi peke yake kikataliwe. Utepe waweza kutosha kwa ukingo mdogo uliotengenezwa kwa ajili yake. Kwa kibawa kirefu hautoshi.

Tatu, inua mlango wa buti na uuache. Ukianguka wenyewe, kibawa ni kizito kuliko kile kilichokusudiwa, na mlango huo utamvunja mtu mkono.

Nne, keti mahali pa dereva na utazame kioo cha ndani. Kibawa kisizibe njia ya kuona yanayokuja nyuma. Kisha mwombe mtu akanyage breki na wewe usimame nyuma ya gari. Katika magari mengi taa ya tatu ya breki imo ndani ya kibawa au juu ya kioo cha nyuma. Kibawa kigeni mara nyingi huiziba taa hiyo, au fundi huikata waya na asiiunganishe tena. Dereva wa lori anayekuja nyuma usiku huitegemea taa ile.

Tano, pitisha kiganja katika kingo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 26, inayohusu sehemu zinazojitokeza nje ya magari, inataka nusu kipenyo cha mviringo wa ukingo kama huo kisipungue milimeta 2.5, ili mtembea kwa miguu au mwendesha pikipiki akigusana nao asikatwe. Mkaguzi asiye na kipimo atumie akili: ukingo unaoweza kukata kiganja utakata na shingo.

Na pale ambapo ajali imekwisha kutokea na kibawa kimeokotwa barabarani, askari asikitupe pembeni kama takataka. Akitazame mahali kilipovunjikia. Mvunjiko mpya ni safi na rangi yake ni moja. Ufa wa siku nyingi huwa umeingia vumbi, rangi au kutu, na sehemu hiyo huonekana nyeusi kuliko nyingine. Alama hiyo ndogo yaweza kueleza kama kibawa kilivunjwa na ajali, au kama kibawa ndicho kilichoileta ajali. Aliyekuwa nyuma akiendesha pikipiki, akapigwa na kipande kilichong'oka, ana haki ya kupata jawabu hilo.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kuyapima yote hayo, shauri letu ni hili. Gari lililotoka kiwandani bila kibawa liachwe lilivyo, isipokuwa mwenyewe ana sababu iliyo bora kuliko kupendeza. Gari lililotoka kiwandani likiwa na kibawa lisivuliwe kibawa hicho, maana huenda kiliwekwa baada ya watu kufa. Kikiharibika, mwenye gari atafute kwanza kipya cha kiwanda. Asipokipata au asipokimudu, atafute halisi kilichotumika na akikague kama tulivyoeleza. Akikosa hicho pia, achukue cha mtengenezaji mwingine mwenye jina lake, anuani yake na cheti cha gari lile lile. Akikosa vyote vitatu, aliendeshe gari lake kwa mwendo wa kiasi mpaka apate. Katika mwendo huo hatapungukiwa na kitu. Lakini cha bandia asikifunge hata akipewa bure.

Shauri hili halitawapendeza wote. Kijana aliyedunduiza fedha zake anataka gari lake litazamwe, na hakuna ubaya katika kupenda kitu kizuri. Lakini barabara ni ya wengi. Mama anayesubiri kuvuka na mwanawe, askari aliyesimama njia panda akiongoza magari, mwendesha pikipiki anayetafuta riziki, hao hawakushirikishwa katika kukichagua kibawa kile, na hao ndio watakaokuwa karibu nacho kitakapong'oka. Basi mwenye gari akichagua, awachagulie na hao pia.